Mguu umevunjika, upasuaji bado: mwongozo kamili wa kutambua hatari ya damu kuganda wakati wa kusubiri

Jamaa za mtu aliyevunjika mguu hujiandaa vizuri kwa mambo mengi. Hutafuta wachangiaji wa damu, hufuatilia idhini ya SHA, yaani bima ya afya ya serikali, huulizia bei ya vyuma. Swali linalowakwamisha ni lile la raundi ya asubuhi: je, mgonjwa wenu ana jambo lolote linaloweza kuifanya damu yake igande kabla hajafika chumba cha upasuaji? Jibu la kawaida huwa “hana ugonjwa wowote, daktari”. Siku mbili baadaye inabainika kwamba anameza tembe za kupanga uzazi, au kwamba mamake aliwahi kuvimba mguu mmoja akatibiwa kwa sindano za tumboni, au kwamba mguu wenyewe ulivunjika siku nne kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye faili.

Mwongozo huu ni wa yule jamaa anayeketi kando ya kitanda, awe katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, hospitali ya rufaa ya Nakuru au ya Kakamega, au katika hospitali ya kaunti ndogo akingojea gari la wagonjwa. Ukimaliza utakuwa na karatasi moja iliyojazwa sawasawa, pamoja na utaratibu wa kila siku wa kumwangalia mgonjwa. Kuamua dawa na vipimo kunabaki kuwa kazi ya daktari. Kazi yako ni kuhakikisha anaamua akiwa na habari kamili.

Jambo moja lieleweke kabla ya kushika kalamu. Hatari haianzi siku ya upasuaji, inaanza dakika ile mfupa unapovunjika. Mfupa ukivunjika, mishipa ya damu iliyo karibu hujeruhiwa na mwili huamsha nguvu zake zote za kugandisha damu ili kuzuia mtu asivuje. Wakati huohuo mguu unalazwa bila kusogezwa, na misuli ya shavu la mguu, ambayo ndiyo husukuma damu kurudi juu moyoni, inaacha kazi. Donge likiundwa katika mshipa wa ndani linaweza kukaa kimya bila dalili yoyote, kisha likang'oka na kwenda kuziba mishipa ya mapafu.

Katika kipimo cha Caprini, ambacho madaktari wengi hukitumia kupima hatari hii, kuvunjika nyonga, fupanyonga au mguu katika mwezi uliopita humpa mgonjwa alama 5 papo hapo, na alama 5 zinatosha kumweka katika kundi la hatari kubwa. Kwa hiyo usipoteze muda kuuliza kama mgonjwa wako yumo hatarini. Yumo. Unachotafuta ni mambo yanayoizidisha hatari hiyo, na mambo yanayoweza kumzuia daktari asimpe dawa ya kuipunguza.

Vitu vya kuwa navyo

Tafuta daftari la kurasa chache, kalamu ya wino, kalamu nzito ya kuchora kwenye ngozi, tepu ya fundi wa nguo yenye sentimita, na simu yenye saa. Kusanya barua ya rufaa, picha za eksirei, kadi zote za kliniki, na kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, kile kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto.

Weka dawa zote zilizopatikana nyumbani katika mfuko mmoja, zikiwemo za mitishamba na zile zilizonunuliwa dukani bila karatasi ya daktari. Usizichague. Dawa unayoiona ndogo ndiyo mara nyingi yenye habari.

Hatua ya 1: Andika saa ya kuvunjika, si saa ya kulazwa

Juu kabisa ya ukurasa andika tarehe na saa ambayo mguu ulivunjika. Chini yake andika kila mahali mgonjwa alipopitia kabla ya kufika hapo: nyumbani, kwa fundi wa mifupa wa kienyeji, zahanati, hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, na alikaa kwa muda gani kila mahali.

Sababu ni kwamba kuchelewa kufanyiwa upasuaji ni miongoni mwa mambo yanayoongeza madonge ya damu, na hatari huzidi kupanda kusubiri kunapovuka saa 48. Mgonjwa aliyeanguka na pikipiki Homa Bay siku ya Ijumaa, akalala nyumbani, akafikishwa Kisumu Jumatatu, faili litamwonyesha kama mgonjwa mpya wa Jumatatu. Damu yake haijui hivyo.

Tumia saa za hospitali, yaani za kuhesabu hadi 24. Ukiandika “saa mbili”, muuguzi mmoja atasoma 02:00, yaani saa nane usiku, na mwingine 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Andika 08:00 au 20:00. Jambo hili linaonekana dogo hapa, lakini katika hatua ya 7 litakuwa kubwa.

Usifiche kwamba mguu ulikandwa kwa fundi wa kienyeji. Hakuna anayekusanya makosa yenu. Mguu uliokandwa au kukazwa kwa vijiti unaweza kuwa na majeraha ya ziada katika nyama na mishipa, na daktari akijua atatazama kwa makini zaidi.

Umefaulu ikiwa mtu asiyemjua mgonjwa anaweza kusoma mistari hiyo na kukwambia bila kuuliza amekaa na mguu uliovunjika kwa saa ngapi.

Hatua ya 2: Andika ni mfupa upi, na kama kuna mwingine

Muulize daktari au usome barua ya rufaa. Kwa jumla, kadiri mvunjiko unavyopanda juu, ndivyo hatari ya madonge inavyopanda: nyonga, fupanyonga na paja ziko juu kabisa, sehemu za goti na muundi zinafuata, na kifundo cha mguu kiko chini. Mgonjwa aliyevunjika zaidi ya mahali pamoja, aliyegongwa kwa kishindo kikubwa, aliyeumia uti wa mgongo au aliyeongezewa damu, hatari yake huongezeka.

Andika pia namna mguu ulivyotulizwa: plasta, kibao, au kamba yenye uzani unaoning'inia mwisho wa kitanda. Huyo wa uzani ndiye anayelala bila kujigeuza kwa muda mrefu kuliko wote, na ndiye anayestahili kuangaliwa zaidi.

Hatua ya 3: Uliza yale ambayo mgonjwa hayasemi mbele ya watu

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo ambayo wengi huharibu, kwa sababu huuliza maswali yote kwa sauti saa ya kutembelea wagonjwa, mbele ya baba mkwe na majirani wawili. Chagua mtu ambaye mgonjwa humwamini na ambaye ni wa kumuuliza kwa heshima: dada kwa dada, mke kwa mumewe, mjukuu mkubwa kwa nyanya. Wapeni faragha. Mgonjwa akikataa kukujibu, usimlazimishe; mwombe muuguzi amuulize yeye.

Anza na mepesi. Andika umri, kwa sababu hatari hupanda baada ya miaka 40, na hupanda tena baada ya 60 na 75. Andika uzito na urefu, maana unene ni sababu inayojitegemea. Andika kama anavuta sigara. Tazama mguu mzima: je, una mishipa iliyovimba na kujisokota chini ya ngozi?

Kisha uliza kama yeye mwenyewe amewahi kupata donge la damu mguuni au mapafuni. Watu wengi hawalijui kwa jina hilo, kwa hiyo uliza hivi: “Umewahi kuvimba mguu mmoja tu, ukapewa sindano za tumboni au dawa ya kumeza kwa miezi, na kuambiwa uwe unapimwa damu mara kwa mara?” Uliza hivyo hivyo kuhusu wazazi, ndugu na watoto. Jibu la ndiyo katika swali hili, liwe la mgonjwa au la ndugu wa damu, lina uzito wa alama 3 katika kipimo nilichokitaja, pigia mstari.

Kwa wanawake, uliza kuhusu ujauzito, kujifungua katika wiki sita zilizopita, mimba zilizoharibika zaidi ya mara moja, na njia ya kupanga uzazi. Tembe zenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Kama ni sindano au kijiti cha mkononi, andika hivyo hivyo, na mwachie daktari apime uzito wa jambo.

Uliza kuhusu saratani na matibabu yake, ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili, kiharusi, na kulazwa au kupasuliwa katika miezi ya karibuni. Kwetu huku magharibi ya Kenya kuna maswali mengine ambayo hayapaswi kurukwa. La kwanza ni selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, ambao ni wa kawaida katika jamii za kandokando ya Ziwa Victoria na ambao huongeza kuganda kwa damu. Hata kijana asiyeugua mara kwa mara, kama ana ndugu mwenye selimundu, andika. La pili ni virusi vya Ukimwi na la tatu ni kifua kikuu, kwa kuwa yote mawili huongeza hatari. Baadhi ya dawa zake pia hugongana na dawa za kuzuia damu isigande. Rifampisini ya kifua kikuu ni mfano mmoja.

Onyo: usimwachishe mgonjwa ARV, dawa za kifua kikuu wala dawa yoyote kwa sababu ya mwongozo huu. Andika jina, kipimo na saa ya mwisho ya kumeza. Habari za siri usiziandike kwenye ukurasa unaozunguka wodini. Ziweke kwenye karatasi iliyokunjwa, umkabidhi daktari mkononi.

Hatua ya 4: Andika pia yanayoweza kumfanya avuje damu

Dawa ya kuzuia damu isigande ni kisu chenye makali pande mbili, kwa hiyo daktari hawezi kuitoa akijua upande mmoja tu. Andika kama mgonjwa alipiga kichwa au kupoteza fahamu katika ajali, kama ana vidonda vya tumbo, kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, kama katika ukoo wao kuna watu wanaovuja damu sana wakikatwa au waking'olewa jino, na kama ana ugonjwa wa figo au ini. Andika dawa za maumivu anazozitumia, hasa aspirini, diklofenaki na ibuprofeni.

Figo zinahitaji mstari wao peke yake. Enoksaparini, ambayo ni sindano inayotumika sana kuzuia madonge, hutolewa mwilini na figo. Figo zikiwa dhaifu sana dawa hujilimbikiza, na daktari hulazimika kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.

Hatua ya 5: Pima mashavu ya miguu yote miwili

Fanya hivi mara moja kwa siku, saa ileile, kabla ya kumwosha mgonjwa. Omba ruhusa ya muuguzi kwanza. Tafuta kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti, upande wa mbele. Kutoka hapo shuka sentimita 10 na uchore mstari mdogo kwa kalamu nzito. Zungusha tepu hapo bila kukaza na bila kuinua mguu, soma namba, uiandike pamoja na saa. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili.

Mguu uliovunjika utakuwa mnene kuliko mwenzake, na hilo peke yake halithibitishi lolote. Unachotafuta ni mwendo wa namba. Uvimbe wa kawaida wa mvunjiko hupanda siku za mwanzo kisha hutulia. Uvimbe uliokwisha kutulia halafu ukapanda tena, au shavu lililopata joto na maumivu mapya mahali pasipovunjika, ni habari ya kumpelekea daktari siku hiyohiyo. Mguu mzima nao usiudharau, kwa kuwa donge linaweza kuanzia huko. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 kati ya mashavu mawili ni mojawapo ya alama ambazo madaktari huzihesabu wanaposhuku donge, ingawa kwa mguu uliovunjika huisoma kwa tahadhari.

Kama mguu uko ndani ya plasta, pima ule mzima tu, na mguu wa plasta utazame vidole: rangi, joto, na kama vinasogea. Usikate plasta, wala usifungue kamba ya uzani.

Onyo kubwa: usiukande mguu. Usiupake dawa ya kuchua, usiubonyeze kutafuta donge, na usimruhusu shangazi aliyekuja na mafuta kutoka nyumbani aukande hata kidogo, hata akiwa na nia njema namna gani. Donge lililotulia mshipani linaweza kung'olewa kwa mkono.

Hatua ya 6: Mwendo, pumzi na maji

Baada ya daktari kukubali, mgonjwa avute kanyagio la mguu mzima kuelekea kwake kisha alisukume mbali, mara 10 kila saa akiwa macho. Mguu uliovunjika, asogeze vidole, na kifundo ikiwa tu ameruhusiwa. Avute pumzi ndefu mara kadhaa kila saa. Usiweke mto chini ya goti peke yake, kwa sababu hubana mshipa ulio nyuma yake. Mto ushikilie mguu wote, au usiwepo.

Maji yanahitaji ujanja kidogo. Mtu akiishiwa maji mwilini damu huwa nzito, na joto la Kisumu halisaidii. Wagonjwa wengi hunywa maji kidogo kwa makusudi ili wasisumbue watu kuwaletea beseni. Weka chupa mahali anapoifikia, na umhakikishie kwamba beseni litaletwa. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, uliza kiasi kwanza.

Siku zinazoumiza zaidi ni za upasuaji unaoahirishwa. Mgonjwa hakula wala kunywa tangu usiku wa manane, orodha ikaisha saa kumi jioni bila jina lake kuitwa, na hakuna aliyemwambia anaweza kunywa maji. Kesho yanajirudia. Kuanzia saa sita mchana, kila baada ya muda, nenda mezani kwa wauguzi uulize kwa upole: “Sista, samahani kukusumbua. Mzee wetu wa kitanda cha dirishani bado yuko kwenye orodha ya leo, au tunaweza kumpa maji?” Kama upasuaji unakawia, uliza pia kama awekewe dripu. Na umefaulu kama mkojo wake ni wa rangi hafifu, si wa rangi ya chai ya rangi.

Hatua ya 7: Fuatilia sindano ya kuzuia damu isigande

Uliza waziwazi: je, mgonjwa huyu ameandikiwa dawa ya kuzuia damu isigande? Kama hapana, sababu ni nini? Mara nyingine sababu ni nzuri, kama vile jeraha la kichwa. Mara nyingine ni kwamba kila mtu alidhani mwenzake ameandika.

Kila sindano ikidungwa, andika jina la dawa, kipimo na saa. Mgonjwa mzima wa uzito wa kawaida, mwenye figo nzuri, mara nyingi hupewa enoksaparini miligramu 40 mara moja kwa siku chini ya ngozi ya tumbo. Baadhi ya hospitali hutumia heparini ya kawaida mara mbili au tatu kwa siku. Alama ndogo ya kijani au zambarau pale ilipodungwa ni kawaida. Usipasugue.

Hapa ndipo ile saa ya hospitali inapolipa. Mgonjwa akipasuliwa kwa ganzi ya mgongoni baada ya sindano ya enoksaparini ya kinga, zinapaswa kupita angalau saa 12. Kwa kipimo kikubwa cha kutibu donge, saa 24. Zisipopita, damu inaweza kuvuja karibu na uti wa mgongo na kupooza miguu. Sindano ya 20:00 inamruhusu mgonjwa apewe ganzi hiyo 08:00 asubuhi, ilhali ile iliyocheleweshwa hadi 02:00 inaweza kumwondoa kwenye orodha ya asubuhi.

Onyo: usinunue sindano hizi na kumdunga mwenyewe, na usimwongezee aspirini kwa ushauri wa jirani wa kitanda.

Hatua ya 8: Dalili za kuita msaada bila kungoja

Ziandike kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi, ili hata anayelala zamu ya usiku azione. Kukosa pumzi kwa ghafla, kifua kuchoma wakati wa kuvuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio, au kuzimia: huenda donge limefika mapafuni. Katika siku ya kwanza hadi ya tatu, pumzi fupi pamoja na kuchanganyikiwa na vidoadoa vyekundu kifuani au ndani ya kope la chini vinaweza kuwa mafuta kutoka kwenye mfupa yaliyoingia katika damu. Kwenye ngozi nyeusi, vitafute ndani ya kope kwanza.

Maumivu makali yanayozidi dawa, mguu uliokazana kama ubao, na kilio vidole vinaponyooshwa ni hatari nyingine tofauti: msukumo ndani ya misuli, ambao huua nyama ya mguu kwa muda wa saa chache.

Ukiona lolote kati ya haya, usimpe chakula wala maji, usimwinue kumtembeza. Ita: “Sista, nisaidie haraka! Baba alikuwa anaongea vizuri, sasa hivi pumzi imembana.” Sema saa iliyoanza na saa ya sindano ya mwisho.

Hatua ya 9: Kabidhi karatasi kabla ya siku ya upasuaji

Usingoje kitanda kikiwa kinasukumwa mlangoni. Mpe daktari wa mifupa nakala jioni ya siku iliyotangulia, na umpe mtaalamu wa ganzi nakala nyingine anapokuja kumwona mgonjwa. Piga picha ya ukurasa kwa simu, kwa sababu makaratasi hupotea katika kuhamisha wagonjwa.

Kisha uliza kama mgonjwa anahitaji altrasaundi ya mishipa ya miguu kabla ya kupasuliwa. Si kila mtu anaihitaji. Lakini aliyesubiri siku nyingi, mwenye historia ya donge, au ambaye namba zake za hatua ya 5 zimepanda, ana sababu ya kuuliziwa kipimo hicho. Mkiambiwa mfanye kipimo cha damu cha D-daima, fahamuni kwamba mfupa uliovunjika peke yake hukipandisha; kikiwa juu hakithibitishi donge.

Donge likipatikana, upasuaji huenda ukasogezwa mbele, dawa ikaongezwa kipimo, au mgonjwa akapelekwa hospitali kubwa zaidi. Jamaa wengi huona hilo kama kurudishwa nyuma na hudai apasuliwe hivyo hivyo. Msidai. Kulisogeza donge hilo mezani ni hatari kuliko kungoja.

Kabla hujaondoka, pata majibu ya maswali mawili uyaandike chini ya ukurasa: sindano ya mwisho kabla ya upasuaji ni saa ngapi, na baada ya upasuaji dawa itaanza tena lini na kwa siku ngapi. Kwa nyonga, kinga hiyo huweza kuendelea hadi siku 35, kwa hiyo karatasi hii itarudi nyumbani pamoja na mgonjwa.